Bei ya Ngwe

Chuoni, miaka ile serikali ilipoanza kuliachia soko lijipangie bei, mwalimu alichora mistari miwili ubaoni, wa wanaotaka vibarua na wa wanaotaka kazi, ikakatana, akasema pale ndipo ujira unapopatikana. Mimi niliyekulia kwenye bei za kutangazwa redioni sikumwamini. Lazima kuna mtu anayepanga.

Likizo ya Desemba niliamua kumtafuta mtu huyo. Kwetu Mshangano, pembeni ya mji wa Songea, kibarua hulipwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba anachopimiwa kulima. Niliwauliza wenye mashamba nani kapanga bei ya ngwe. Wakasema vibarua. Vibarua wakasema wenye mashamba. Nilikasirika, nikaona wananificha.

Kisha ikanyesha mvua nzito ya kupandia. Asubuhi nilifuatana na mama kutafuta vibarua. Pale barabarani wanapojaaga walikuwepo wachache tu. Wengine walikuwa wanapanda mahindi yao. Mama akataja bei ya jana. Mwanamke mmoja mwenye jembe begani hakubishana. Aliutazama udongo uliolowa, akatabasamu. Mama akaongeza, wakakubaliana.

Wakati wa kurudi tulikutana na jirani yetu, naye anakwenda kutafuta watu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ngwe leo bei gani?"

Nikamtajia ile mpya bila kufikiri, kama msomaji wa taarifa ya habari. Akashukuru, akaenda kuilipa.

Nilibaki nimesimama kwenye tope. Mtu niliyemtafuta likizo nzima nilikuwa nimetoka kumsikia, akiongea kwa sauti yangu.