Kambare wa Tangi la Tatu

Skolastika alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa muda mrefu alikuwa akilea vifaranga wa kambare kwenye shamba la Mzee Manase, Olasiti. Wafugaji waliokuja kuchukua samaki, hata wale wa kutoka Babati, walimsifu: vifaranga wake walikula unga bila kusumbua. Hawakuuliza anafanyaje.

Alifanya kwa njaa. Kambare wachanga huanza maisha kwa kula vidudu hai, vile vidogo vinavyorukaruka majini kama viroboto. Siku ya kumi Skolastika alianza kuwapunguzia, huku akiwanyunyizia unga wa chakula cha dukani. Siku ya kumi na nne vidudu vilikoma. Aliyeukataa unga alielea tumbo juu, naye akamchota kwa kichujio cha chai na kumrushia kuku.

"Usiwatazame sana," alimwambia Naisiae, mjane wa Kisongo aliyeajiriwa kumsaidia. "Ukiwaonea huruma, kazi imekushinda."

Naisiae alikuwa amefuga ng'ombe tangu utotoni. Ndama aliyekataa kunyonya, yeye alimlambisha maziwa kidoleni mpaka akazoea. Basi alipoona vifaranga waliokonda wamejikusanya kwenye pembe ya tangi la tatu, kila asubuhi kabla Skolastika hajafika akawamwagia kikombe cha vidudu.

Baada ya wiki moja Skolastika alifunua tangi lile, akainama kutazama. Walikuwa wamebaki wachache tu, wakubwa, wamevimba matumbo. Mmoja alikuwa anaogelea huku mkia wa mwenzake umetokeza mdomoni mwake.

"Nani kawapa vidudu?"

"Ni mimi, dada Skola. Wale wadogo walikuwa wanakufa."

"Wadogo hawakuambulia kitu. Wenye nguvu ndio waliokula, wakakua, wakawageukia wadogo. Wewe ndiye umewaua, Naisiae."

Hakupaza sauti. Aliwaita wafanyakazi wote, hata mpishi. Mbele yao akamwamuru Naisiae awatoe wale wakubwa kwa mkono, mmoja mmoja, na kuwabamiza kwenye sakafu ya saruji. Kambare hafi upesi. Wengine ilibidi awarudie mara tatu.

"Dada, si inatosha jamani," mpishi akasema.

"Bado."

Skolastika alikuwa anaona raha, na alijua anaona raha. Yeye naye alifundishwa hivyo hivyo, na siku yake hakuna aliyesema inatosha.

Naisiae hakulia. Alinawa mikono, akarudi kazini.

Vifaranga waliofuata aliachiwa yeye. Siku ya tisa Skolastika alipita, akakuta matangi yote hayana kidudu hata kimoja, na juu ya maji kumetanda weupe wa matumbo.

"Mbona umewahi hivi?"

"Watakaobaki watakuwa wagumu," Naisiae alijibu, akiendelea kuchota. Hakugeuka.

Skolastika akajua kwamba anamwogopa. Kisha akaenda kwa Mzee Manase kumwarifu kuwa yule mama sasa ameiweza kazi.