Kadi ya Masanja Haikuwa na Kosa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja ya Tabora mjini, Mkuu wa Maabara alinikabidhi kikopo cha makohozi kabla hajanionyesha kiti. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, shati limepigwa pasi. Nilikishika kwa vidole viwili.

"Kishike vizuri," aliniambia. "Humo ndani mna mtu."

"Mtu, mzee?"

"Mume wa mtu, baba wa watu. Ukikosea wewe, anakufa yeye. Haya, paka."

Kupaka ni kutandaza makohozi juu ya kipande chembamba cha kioo, yaani slaidi, kuyakausha, kuyamwagia rangi nyekundu na kuyaosha kwa asidi, kisha kumalizia na rangi ya buluu. Kimelea cha kifua kikuu kina ngozi ya nta. Kikishainywa rangi nyekundu hakiiachi hata kwa asidi, ndiyo maana kwenye darubini unaona vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu. Nimeviona vijiti hivyo maisha yangu yote ya kazi. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba macho yangu bado yanasoma msahafu.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Igunga. Huko Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mtoto wa wafugaji, na ndiye aliyenifundisha jambo ambalo chuoni nililikariri bila kulielewa. Mgonjwa mmoja kutoka kijiji cha Choma alikunywa dawa mwezi mmoja, akanenepa, akaondoka na ng'ombe wake kutafuta malisho. Alirudi anakohoa upya. Nikauliza: kama dawa ilikuwa inaua, mbona wadudu hawakuisha?

"Wewe umekulia mjini," alinicheka. "Sikiliza. Ukitia sumu kwenye majani, anakufa ng'ombe gani?"

"Anayekula."

"Na aliyelala?"

"Anabaki."

"Basi. Kimelea hiki kikibanwa kinalala. Hakili, hakizai, na dawa inayoua wanaokula inakipita. Hakijabadilika chochote, kimevumilia tu. Ndiyo maana tunampa mtu dawa miezi na miezi, tunawasubiri waliolala waamke mmoja mmoja. Huo ni uvumilivu. Usugu ni kitu kingine. Usugu ni ndama aliyezaliwa na tumbo la ajabu, anakula ile sumu na ananenepa. Wenzake wakifa, malisho yote yanakuwa yake, na watoto wake wote wanazaliwa na tumbo lile lile."

"Ndiyo maana dawa ni nne kwa pamoja?"

"Ndiyo. Ndama wa kuzaliwa na matumbo mawili ya ajabu kwa mpigo mmoja ni nadra sana. Mpe mtu dawa moja peke yake, umemfungulia zizi."

Maneno hayo niliyabeba hadi Urambo, kituo changu cha mwisho. Na hapo ndipo ilipo hasira yangu. Nimefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba hasira ni moto, umezwe. Hii nimeimeza miaka mingi na haijashuka.

Urambo ni nchi ya tumbaku. Masanja alikuwa mkulima wa huko, kijana mwenye nguvu, mcheshi. Siku alipoandikishwa kliniki nilikuwa chumbani humo humo, kwa sababu majibu ya makohozi yake niliyaleta mimi. Mratibu wa Kifua Kikuu wa Wilaya, bwana aliyeletwa kutoka mbali, alitaka jina la msimamizi, yaani mtu wa kumwona mgonjwa akimeza vidonge kila siku na kutia alama ya vema kwenye kadi.

"Mke wangu, Nyamizi," Masanja alisema. "Anajua kusoma."

"Mke atakuogopa," Mratibu alijibu. "Nani mwingine anayejua kuandika?"

"Kuna mama mkwe. Mwalimu mstaafu. Nyumba yake iko ng'ambo ya shamba letu, lakini..."

"Mwalimu mstaafu! Nani zaidi yake? Andika mama mkwe."

Masanja aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Akanitazama mimi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi. Nilijua alichokuwa akiniomba. Kwa watu wa huku, mwanamume hatii kitu kinywani mbele ya mama mkwe wake. Hali, hanywi, wakikutana njiani mmoja hupisha. Nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu haikuwa desturi yetu kumsahihisha Mratibu mbele ya wagonjwa.

Mwezi wa tano wa matibabu nilipaka makohozi ya Masanja, nikaona vijiti vyekundu vimejaa. Nilikwenda ofisini.

"Shikamoo, mkuu. Masanja bado ana wadudu."

"Marahaba. Umechafua slaidi."

"Nimepaka tatu."

"Kadi hii hapa! Ina siku hata moja iliyokosa alama? Kadi haina kosa. Rudia."

Nilirudia, vijiti vilikuwa vile vile. Basi nikachukua baiskeli hadi shambani. Masanja alikuwa mlangoni mwa bani, kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, anakohoa na anachochea kuni.

"Unameza dawa?" nilimuuliza.

Akacheka. "Mama anakuja asubuhi. Anaweka kisahani juu ya kigoda, anageuza uso, anatia alama, anaondoka. Ulitaka anikodolee macho? Au ulitaka nimeze mbele ya mkwe, ukoo mzima uhame kwa aibu?"

"Akishaondoka?"

"Vidogo nameza. Vile vikubwa vinanichafua tumbo na kuniuma magoti, na moto wa bani haumsubiri mwenye magoti. Vikubwa naupa moto."

Wakati ule kila dawa ilikuja na vidonge vyake, havijaunganishwa kuwa kimoja kama leo, na vile vidogo vilikuwa dawa moja. Kwa hiyo kwa miezi mitano wadudu wa Masanja walipambana na dawa moja tu. Wanyonge wote walikufa, akabaki yule mwenye tumbo la ajabu, akazaa. Na mama mkwe, mcha Mungu aliyempa mkwewe heshima yake yote, alitia alama kila siku bila kusema uongo.

Nilimweleza Mratibu yote. Alipiga meza.

"Mila! Watu hawa wanajiua wenyewe. Mwanzishie tena dawa zile zile, muongezee sindano."

"Mkuu, kama dawa zimeshindwa, tukiongeza moja tu ni sawa na kumpa hiyo moja peke yake. Atakuwa sugu na kwa sindano. Tupeleke sampuli ikaoteshwe kwanza, tujue inasikia dawa gani."

"Wewe ni mtu wa darubini. Kaa na darubini yako."

Sitamsingizia. Mwongozo wa wakati ule uliiruhusu sindano ile, naye Masanja alianzishiwa. Lakini mwongozo haukumkataza kusaini fomu ya kupeleka sampuli. Sampuli ya Masanja ilikaa kwenye jokofu langu wiki baada ya wiki ikisubiri sahihi yake. Iliposafirishwa, ilibidi kusubiri tena, kwa sababu kimelea hiki huzaa polepole mno na kuotesha huchukua majuma mengi. Majibu yalikuja: usugu kwa dawa mbili kuu, ile ya vidonge vidogo na nyingine iliyoongezeka tuliporudia zile zile, na kwa sindano. Masanja alikuwa ameshakaa kaburini siku kumi.

Kisha Nyamizi akaanza kukohoa. Hakuwa amewahi kumeza hata kidonge kimoja, lakini mdudu aliyemwingia alikuwa ameshahitimu katika kifua cha mumewe. Alipelekwa hospitali ya mbali, akachomwa sindano nyingine kali kila siku kwa miezi mingi. Alipona, alhamdulillahi. Sindano zile zilichukua masikio yake yote mawili.

Mratibu alipandishwa cheo. Katika semina moja nilimsikia akisema kwamba tatizo la usugu ni elimu duni ya wananchi. Mama mkwe yule alisomesha watoto wa Urambo maisha yake yote!

Siku hizi kuna mashine inayosoma vinasaba vya kimelea na kutoa jibu la usugu ndani ya saa chache, na matibabu ya usugu ni ya vidonge tu. Nashukuru. Lakini mashine haimuulizi mgonjwa anameza mbele ya nani.

Nilipostaafu nilipanda gari hadi Urambo. Mama mkwe alinikaribisha, akaniwekea kiti karibu na Nyamizi. Nikaanza kuomba radhi. Nilisema mengi, na machozi yalinitoka. Nyamizi alinitazama midomo tu.

"Hakusikii, baba," mama yake alisema. Akanipa daftari na kalamu. "Andika."

Yale mengi yote yalinikimbia. Niliandika: *Nilijua kwamba Masanja hawezi kumeza mbele ya mkwe. Nikanyamaza.*

Alisoma polepole. Akauliza kwa sauti kubwa, sauti ya mtu asiyejisikia: "Ulijua lini?"

Nikaandika: *Siku ile ile kadi ilipoandikwa.*

Alilifunga daftari, akanirudishia mikononi.

"Basi usiniandikie mimi," alisema. "Waandikie wanaojaza kadi."