Chembe ya Chuma kwenye Kigae

Mama alipopatwa na kiharusi nilikuwa Dar es Salaam, chuoni, napima unga kwenye mizani ya maabara. Kaka yangu alipiga simu kutoka Geita.

"Nenda ukakae naye kidogo," akasema. "Mimi huku kazi hainipi nafasi, na foleni ya kivuko cha Busisi unaijua."

Sikuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Nikabeba begi moja.

Nyumba yetu ya Mwanza iko mlimani, katikati ya mawe makubwa, na njia yake haipandi bajaji. Siku za kliniki, vijana wa jirani walimshusha Mama kwa kiti. Siku nyingine zote tulibaki juu, sisi wawili. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha uji, nikamnyoosha vidole vya mkono wa kulia, ule uliokuwa ukishona magauni ya watu pale sokoni na sasa haukuweza kushika kijiko. Kutoka mlangoni ziwa lilionekana lote, nami nikafika mahali pa kulichukia.

Asubuhi moja nilikuwa nawasha jiko la gesi akaniuliza, kwa ule ulimi wake mzito, huko Dar nilikuwa napika nini kwenye matanuri. Nikamletea kiwashio cha jiko, nikakibonyeza mbele yake. Cheche ikaruka.

"Ndani ya hiki mna kigae kidogo," nikamwambia. "Ukikigonga kinatoa umeme."

"Bila betri?"

"Bila betri. Na ukikipa umeme, chenyewe kinatikisika. Ile mashine waliyompima nayo wifi alipokuwa mjamzito, kile kichwa wanachopitisha tumboni kina vigae kama hivi."

"Sasa wewe kazi yako ilikuwa ipi?"

"Kutia kitu kidogo kwenye unga kabla ya kuuchoma. Kidogo kuliko chumvi ya mboga. Ndani ya kigae kuna vieneo vidogo mno, kila kimoja kimeelekea upande wake, na kati yao kuna mipaka. Ukitia madini ya niobi, mipaka inasogea kirahisi, kigae kinaitikia hata mwangwi dhaifu. Ila ukikipa kazi nzito kinapata joto. Ukitia chuma, mipaka inashikwa. Kinaitikia kidogo, lakini kinavumilia kazi kubwa."

"Inashikwa siku hiyo hiyo?"

"Hapana. Chuma kinaacha mapengo ndani ya kigae, na mapengo hayo yanahama taratibu mpaka yajipange. Kigae kinakaa tu kabatini, na kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyozidi kushikwa."

Mama akanitazama. "Kama wewe humu ndani."

"Ni kigae tu, Mama," nikasema, nikarudi jikoni.

Profesa aliyenisimamia alikuwa mvumilivu. Alipiga simu akasema vigae vyangu vimekaa vya kutosha, vinahitaji kupimwa, narudi lini. Nikamuuliza kaka. Akasema daraja linalojengwa pale kivukoni likikamilika atakuwa anakuja kunipokea. Nikalisubiri daraja lile kama vile linajengwa kwa ajili yangu. Lilipofunguliwa, majirani walienda kulitazama, wakarudi na picha kwenye simu zao. Kaka alikuja Jumapili moja, na mananasi. Alimtoa Mama nje kwa kiti, akamchekesha mpaka machozi yakamtoka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu augue, na niliona wivu.

Nikamvuta kaka hadi jikoni. "Naomba muhula mmoja tu nikamalize."

"Mimi ni mtoto wa kiume, nitamwogeshaje mama yangu?"

"Mlete wifi, au mtafute mtu."

"Mtu gani atamjua Mama kama unavyomjua wewe?" Alisema kwa upole, kama ananisifu. Jua lilikuwa bado kali alipoaga.

Wiki hiyo nikampigia Profesa, nikamwambia vigae ampe mwanafunzi mwingine. Binti aliyepewa alinipigia mwenyewe, akaniamkia, nami nikamweleza kipi kimo mfuko gani huku nakoroga uji. Baadaye akanipigia tena kunipa majibu. Vya chuma vilifanya kazi nzito bila kupata joto, kama tulivyotarajia.

"Ila dada, vile ulivyotia chuma na niobi pamoja vimekuwa kama havikutiwa kitu. Kimoja kimefuta kazi ya mwenzake."

Nilitaka kumuuliza alivipima kwa joto gani, amevipasua kuona chembe zake, amerudia mara ngapi. Mama akaita kutoka chumbani. Nikamwambia yule binti asante, nikakata.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Mtu wa chuo."

"Wanakutaka?"

"Walinitaka. Nafasi wameshampa mwingine."

Nikamgeuza ubavu wa pili, uso ukaelekea dirishani.

"Umekasirika," akasema.

Siku zote nilikuwa nimezoea kujibu hapana. "Ndiyo, Mama. Nimekasirika sana."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa. Kisha akaniomba nimpandishie mto. Nikampandishia, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaanza kumnyoosha vidole vya mkono wa kulia.