Mafundo Manne ya Kanga ya Mama

Nilivunja ungo mwezi uleule ambao bei ya mkonge ilianguka, na mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili liliwashtua zaidi wazazi wangu.

Tulikaa Visiga, wakati wa Mwingereza. Kwa watu wetu, binti akivunja ungo huwekwa ndani, akaitwa mwali. Wanaume hawamwoni, jua halimpigi, hafanyi kazi nzito, na analishwa vizuri mpaka anenepe. Anakaa humo mpaka wazazi wapate uwezo wa kumcheza, yaani mchele, kuku, kanga mpya na ngoma ya wanawake. Hapo ndipo hutolewa, tayari kuolewa. Binti za wenye nazo walikaa miezi mitano, sita. Mimi nilikaa mwaka na miezi minane. Basi wanaonilaumu leo kwamba nasema sana wajue nina maneno mengi ya kulipiza.

Baba alikuwa mkata mkonge kwenye shamba la Mzungu upande wa Kibaha, na malipo yalikwenda kwa kipande. Kipande ni kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza ngwe yako ya siku, karani anakutilia alama kwenye chumba kimoja. Usipoimaliza, hakutilii, hata kama mgongo umekatika. Vyumba vyote vikijaa ndipo unalipwa. Zamani baba aliijaza kadi kwa mwezi na siku kidogo, na mama alijua kabisa lini fedha itaingia. Bei ilipoanguka, wakata mkonge wakawa wanaitwa siku mbili kwa juma, juma jingine hawaitwi kabisa, na ngwe zenyewe zikarefushwa. Kadi moja ikawa inakula miezi mitatu. Baba aliihifadhi ndani ya juzuu yake, na jioni nilimsikia anazihesabu zile alama kwa sauti ya chini, halafu anazihesabu tena.

Mama hakujua kusoma wala kuandika. Hesabu zake zote zilikuwa kwenye kanga. Alikuwa na kanga moja kuukuu, ya rangi ya kahawia, aliyojitanda mabegani kutwa nzima, na kila pembe ya kanga ile ilikuwa na fundo. Fundo la kwanza lilikuwa la kodi, maana serikali haikuuliza mkonge unauzwaje, na baba asingelipa angepelekwa kuchimba barabara. La pili lilikuwa la chumvi, mafuta ya taa na sabuni. La tatu aliliita la jambo: homa, msiba, mgeni wa ghafla. La nne lilikuwa la mwali. Langu mimi, la kunitoa.

Senti ikiingia, hata moja, mama alikuja kuketi chumbani kwangu, akaigeuzageuza, akaifunga inapohusika. Fundo moja liliruhusiwa kukopa kwa jingine, lakini ilikuwa lazima alitangaze deni kwa sauti. "Chumvi imekopa kwa kodi," alikuwa akisema, kama vile kuna karani ukutani anaandika. Mimi nilikuwa naitazama pembe moja tu. Nilijua unene wa fundo langu kuliko nilivyojua uso wangu mwenyewe.

Kulisha mwali nako ni kazi. Mwali akitoka mwembamba, nyumba nzima imeaibika, watu watasema binti wa watu alifungiwa na njaa. Kwa hiyo huko nje baba na wadogo zangu watatu walikula bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, na mimi ndani nililetewa wali wa nazi. Mama aliileta sahani mwenyewe, imejaa, akateremsha pazia la mkeka nyuma yake, akaketi karibu na ukuta mpaka nimalize. Chumba hakikuwa na dirisha, tulionana kwa kukisiana. Nikimwambia tule, alisema, "Kula, mwanangu. Nimeshakula nje na wadogo zako." Kisha akaondoka na sahani tupu. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nilikuwa nalalamika kwamba nazi imepungua.

Ili nisikae bure, mama aliniletea ukindu nisuke kili za mikeka. Mikono yangu ilikuwa na mbio. Sisemi kwa majivuno. Ah, nasema kwa majivuno, kwa nini nidanganye na uzee huu? Mpaka adhuhuri nilikuwa na pima kadhaa za ukili ulionyooka. Mama alizishona kuwa mkeka, akaubeba kichwani mpaka dukani Mlandizi. Mwenye duka alizoea kushusha bei, lakini alinunua, juma hata juma, mkonge uwe juu au uwe chini. Nami nilisuka kwa furaha, nikijua kila pima inanisogeza mlangoni.

Mavuno ya kwanza yalipofika, mpunga wetu wa bondeni, uliokuwa wa ngoma yangu, ulikwenda kwenye kodi. Nililia, lakini nilielewa. Ilikuwa ni mimi kutoka au baba kubaki nyumbani, na baba yangu nilimpenda. Ya pili, nguruwe waliingia bondeni wakamaliza nusu ya shamba. Hapo pia sikuwa na wa kumlaumu. Lakini mikeka ilikuwa inauzwa, na fundo langu halinenepi. Ndipo siku moja mchana, baba na mama wakiwa uani, nikamsikia baba akiuliza mtoto atatolewa lini, mwaka umeshapita, watu wameanza kunong'ona.

Mama akasema, "Akitoka, nani atasuka?"

Jamani. Kumbe mimi ndiye kipande kinachojaa kila juma katika nyumba ile, na kadiri ninavyosuka ili nitoke, ndivyo ninavyozidi kuhitajika ndani. Nilimchukia mama siku ile. Nalisema wazi kwa sababu nimeishi nalo miaka mingi. Niliuweka ukili chini, nikakunja mikono, na sikuushika tena.

Siku ya kwanza mama aliona, akaniletea sahani yangu kama kawaida. Ya pili hivyohivyo. Ya nne kisamvu huko nje kilipikwa bila chumvi, nilimsikia mdogo wangu wa mwisho akigoma kula na baba akimbembeleza. Nilijisemea, na wale hivyohivyo. Mchana ule mama akaingia, akaketi mbele yangu badala ya kule ukutani, akavua ile kanga ya kahawia iliyokuwa juu ya nyingine, akaiweka mapajani mwangu, na mafundo yake yote manne.

"Umekasirika, na haki unayo," akasema. "Lakini mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Haya, panga wewe."

Nikapanga. Nilijiona hodari, nilikuwa nimefunzwa kuhesabu na baba. Nilifungua mafundo nikayamwaga mkekani. La kodi lilikuwa na kitu. La chumvi lilikuwa na senti tano. La jambo lilikuwa tupu, limefungwa tu ili lionekane ni fundo. Langu lilikuwa na shilingi mbili na senti kadhaa. Nikamwomba mama aniletee mtungi wa unga, kapu la mchele na kibaba cha kupimia. Watu tulikuwa sita: baba, mama, mimi na wadogo watatu. Nilitaka chakula kifike Ijumaa, siku ya kuuza mkeka.

Hakikufika. Nikipima kwa watu sita, unga uliisha Jumanne. Nikaufuta wali wangu, nikagawa mchele kwa wote, nami nile bada, unga ukaisha Jumatano. Nikapunguza kibaba, nikakijaza bila kilele, nikaruka mlo wa asubuhi kwa wakubwa. Kila nilivyogeuza, palikosekana fungu la mtu mmoja. Si mawili, moja tu. Ilinitia wazimu, kwa sababu nilijua mama anafika Ijumaa kila mara, kwa unga uleule, tena na wali wangu juu yake.

Siku ya tatu ya usultani wangu zile senti tano za chumvi nazo zikaisha. Nilikaa na lile fundo langu mkononi kwa muda mrefu. Kisha nikatoa senti humo, nikazihamisha, na kwa kuwa ndiyo ilikuwa sheria ya kanga ile, nikatangaza, "Chumvi imekopa kwa mwali." Nilisema kwa sauti ya kusikika uani. Mama alikuwa anatwanga. Nikasikia mchi umesimama, ukakaa hivyo kitambo, halafu ukaendelea.

Nilimrudishia kanga yake kabla ya juma kwisha. Nikamuuliza anafanyaje mpaka kinatosha. Akasema mkono wake umezoea. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini? Nikaokota ukili wangu nikasuka, na safari hii sikusuka kwa ajili ya kutoka. Nilisuka kwa sababu nilikuwa nimeuona ule mtungi wa unga mpaka chini.

Miezi mitatu baadaye baba akaijaza kadi yake. Aliingia uani akiwa ameishika juu kama barua ya heri, wadogo zangu wakamrukia. Alipolipwa, alimkabidhi mama fedha yote. Mama akaja chumbani, akafunga ya kodi, akafunga ya chumvi, na iliyobaki yote akaitia katika fundo la nne. Baba alikuwa nje ya pazia, akamkumbusha kwa upole kwamba la jambo halina kitu.

"Lisubiri," mama akamjibu. "Leo hakuna wa kukopa kwa mwali."

Nikamuuliza, "Na mikeka, mama? Nani atasuka?"

"Nitasuka mwenyewe. Wewe umesuka vya kutosha."

Shangazi yangu, dada yake baba, alitoka Kisarawe kwa miguu kuja kuwa kungwi wangu. Alikuwa mwanamke wa amri. Alinibinyabinya mikono na mashavu akaridhika kabisa, akasema mwali huyu amelelewa, hata wa Kisarawe wenye minazi hawatoi mwali kama huyu. Akaniasa yote ya kuasa, na moja alilirudia mara kumi: nikitoka nisiinue macho. Mwali anayetazama watu usoni anasemwa kuwa hana haya. Macho chini mpaka ngoma iishe na chakula kiliwe, na kinywa kifungwe.

Nilitolewa asubuhi, nimefunikwa kanga mpya iliyonukia duka. Jua lilinichoma macho hata chini ya kanga. Vigelegele vikapanda, ngoma ikapigwa, nami nikatembezwa polepole mbele ya safu ya wanawake, naangalia miguu yao. Ilikuwa raha, nawaambia. Sikuwa nimeona mchanga kwa muda mrefu hivyo. Nikawa natambua watu kwa nyayo: yule jirani yetu mwenye kidole kilichopinda, yule mke wa jumbe mwenye njuga, wale shangazi zangu wengine wawili wenye vifundo vinene. Wote walikuwa wakisema, loo, tazama alivyonawiri, wamemlisha binti yao.

Kisha nikafika kwenye miguu nisiyoitambua. Ilikuwa myembamba, ngozi imekauka juu ya mfupa, miguu ya bibi kizee. Nikajiuliza ni bibi gani huyu aliyetoka mbali kuja kunicheza. Nikaona upindo wa kanga yake, kanga ya kahawia, na kwenye pembe zake mikunjo ya mafundo yaliyofunguliwa, iliyokataa kunyooka.

Nikainua macho. Shangazi akanifinya, sikujali. Mama yangu alikuwa amesimama juani, kanga ameifunga kifuani, anatabasamu, anapiga vigelegele na wenzake, na mifupa ya mabega yake ingeweza kutundikiwa kanga. Mwaka na miezi minane nilikuwa namwona gizani, amejitanda.

Walipotuketisha kwenye mkeka na sinia ya wali na kuku kuwekwa mbele yangu, mdogo wangu anayenifuata alikuja kuninawisha. Nikamnong'oneza kumuuliza kama mama anaumwa.

"Haumwi," akasema, na yeye akashangaa. "Si alikuwa anakula na wewe ndani kila siku? Alituambia sahani ile ni yenu wawili."

Maji yakaendelea kumwagika mikononi mwangu. Huku alisema amekula kule, na kule alisema anakula huku, na katikati palikuwa na pazia la mkeka ambalo mila ilikataza mtu yeyote kulifunua. Nikaipata ile hesabu iliyonishinda. Mimi nilikuwa nagawa kwa watu sita. Mama alikuwa anagawa kwa watano, na yeye, kama nilivyokuja kujua baadaye, anaganga njaa kwa ukoko na muhogo mbichi wa shambani.

Nilisimama. Shangazi akaniambia kaa chini, wanawake wakaguna. Nikaenda mpaka kwenye ile safu, nikamshika mama mkono, nikamleta, nikamketisha pale penye mkeka wa mwali, mbele ya sinia. Alikuwa mwepesi. Nikamega tonge kubwa la wali, nikaweka juu yake mnofu wa kidari, nikampelekea mdomoni.

"Watu wanatutazama, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Watutazame. Kula."

Akanitazama kwanza, kisha akawatazama wadogo zangu, kuona kama wao wamepata. Niliendelea kulishika lile tonge. Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye kanga mpya. Ndipo mama yangu akafungua kinywa, akala.