Kebirigo Walivyomkana Mzee Wetu

Binti wa kaka yangu alikuwa amepata mchumba kutoka Kebirigo, na siku ya harusi kanisani Nyanchwa imeshapangwa, ndipo mzee mmoja wa upande wa kijana akaleta neno. Alisema baba wa babu yetu, kabla ya kuhamia Nyakoe, alikuwa wa ukoo wao. Kwetu, watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani, hata vizazi vipite vingapi. Harusi ikasimama.

"Baba mdogo, wewe huna kazi," binti akaniambia huku akilia. "Nenda ukatafute ukweli."

Kweli sikuwa na kazi. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimezurura kila mahali, ila karatasi hainipiti bila kuisoma, hata iliyofungiwa mandazi. Niliposikia kwamba mzee wetu huyo aliwahi kushtaki watu, nikaenda Kisii mjini, kwenye chumba cha majalada ya zamani ya mahakama.

"Kesi ya shamba?" karani akauliza.

"Hapana, natafuta ukoo tu."

"Wote husema hivyo. Kisha wanarudi na wakili."

Nilikohoa vumbi hadi alasiri. Kumbe mzee wetu aliwashtaki wazee wa Kebirigo, akidai yeye ni damu yao na anastahili shamba. Nao wakala kiapo: "Hatumjui. Alikuja kututembelea, akala ugali wetu wa wimbi misimu miwili bila kushika jembe." Akashindwa kesi.

Familia zilipokutana, kaka yangu, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyesoma nakala ya kesi niliyoleta. Alipofika penye wimbi, akashusha sauti.

"Soma kwa nguvu, baba!" binti akamhimiza. Sijawahi kuona mtu akifurahia ukoo wake kutukanwa namna ile.

Mzee wa Kebirigo akatikisa kichwa. "Mambo ya korti hayo! Babu zetu walisema vile kulinda shamba tu. Mtu huyo alikuwa wetu."

"Ahaa. Basi tuonyeshe mpaka, mzee," nikasema. "Kama ni wenu, kuna kipande chetu. Tunakuja kulima."

Wanawe, ambao wamepanda chai hadi ukingoni mwa mto, wakamgeukia kwa pamoja.

"Babu zetu walimcha Mungu," mzee akasema polepole. "Hawangeapa uongo. Mtu yule hatukumjua kabisa."

"Kwa hiyo binti aolewe?" nikauliza.

"Aolewe," wanawe wakajibu kabla yake. "Hata kesho!"