Hakimu Aliyekataa Ugali wa Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa Sumbawanga, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja nisije nikaongeza kesi juu ya kesi. Nilikwenda kufuatilia kiwanja changu, ambako mtu mwingine amekwisha kumwaga mawe ya msingi. Nikamkuta ofisa anakunywa chai kwa chapati, na anayemmiminia chai hiyo ni huyohuyo mwenye mawe. "Karibu chapati, dada," ofisa akaniambia mdomo umejaa. Jalada langu lilikuwa chini ya sahani. Ndugu yangu, hasira ilinipanda mpaka kwenye kope. Nilichomjibu nitakueleza mwisho, maana hutakielewa kabla sijakupeleka kwa bibi yangu.

Bibi alinilea kwenye kijiji kimoja upande wa Msanzi, huko ambako upepo wa Juni hukuamsha kabla ya jogoo. Masika yakikaribia kuisha, nyasi zikiwa zimenifika kifuani, tulikwenda shambani kufanya ntumba. Unakata bonge la nyasi pamoja na udongo wake, unaligeuza majani yawe chini, unalizungushia mengine, kisha unafunika kwa udongo mpaka kinatokea kichuguu cha duara. Juu tulipanda maharage. Ndani nyasi zilioza taratibu, na mvua za mwaka uliofuata tulivivunja vile vichuguu na kusia ulezi. Siku moja nilichoka, nikarundika udongo mtupu ili nimalize upesi. Bibi alikipiga teke kichuguu changu kikasambaratika. "Umefukia uvivu, utavuna uvivu," alisema, nami nikaanza upya huku nikinuna. Jioni tulikula ugali wa ulezi kwa maharage mabichi, na kucha zangu bado zilinuka udongo.

Babu alikuwa amekwisha kufariki, na shamba lile ndilo lilikuwa chakula chetu, sare yangu ya shule na heshima ya bibi. Mwaka mmoja, maharage yakiwa yamevunwa, tulikwenda msibani Kasesya tukakaa wiki nzima. Tuliporudi hatukulitambua shamba. Jirani yetu alikuwa amebomoa ntumba zetu zote na kuzifanya upya kwa mistari yake, na mti wa mpaka ameukata mpaka kisiki. Akatuambia mchana kweupe kwamba babu alimpa shamba lile kabla ya kufa, na kwamba ntumba zile alizifanya yeye na mkewe tangu masika.

Bibi alimpeleka kwenye baraza la kijiji. Mwenyekiti wa kijiji alisikiliza akipiga miayo, kisha akasema mjane anapaswa kushukuru kwa alichobakiziwa. Wiki hiyohiyo kijiji kizima kilikuwa kimemwona uani kwa jirani, akinywa pombe ya ulezi. Wazee waliotufundisha amri za Mungu kigangoni waliinamisha vichwa kama kuku waliolowa mvua. Mpaka leo nikiwakumbuka nawachukia, na sioni haya kusema hivyo. Bibi hakulia. Aliacha tu kuwaamkia watu. "Haki imehamia kwenye mtungi," alisema, "na mimi sina mtungi."

Mwalimu wangu ndiye aliyemwandikia barua ya mashtaka. Siku hizo kesi za mashamba ya kimila zilikwenda mahakama ya mwanzo. Bibi aliweka dole gumba kwa shingo upande, akimwambia mwalimu anapoteza wino.

Hakimu alikuwa mwanamke, mgeni kabisa, anayeongea Kiswahili cha Pwani na kujifunga khanga juu ya sweta kwa baridi yetu. Alisema haamui shamba asiloliona. Siku ya kuja, bibi alichinja jogoo wetu wa pekee na kusonga ugali. Hakimu akafika na karani na wazee wawili wa baraza la mahakama, akamwamkia bibi shikamoo. Halafu akamgeukia jirani, aliyekuwa amesimama uani akisubiri, akampa naye shikamoo vilevile, kwa sauti ileile. Nilimchukia papo hapo. Bibi akamkaribisha chakula. "Ahsante, bibi, leo sitakula," akajibu. Hata maji hakunywa, alikuwa na chupa yake.

Kwetu, kukataa chakula cha mtu mbele ya watu ni kama kumwita mchawi. Bibi alirudi jikoni akafunika sufuria. "Tumekwisha," aliniambia. "Atakayenyima mdomo wake ugali wangu, ataweza kunipa shamba?" Hatukujua kwamba hakimu alikuwa amepita kwa jirani pia, akakataa mtungi wa pombe na mbuzi aliyefungwa tayari.

Shambani hakimu alisema, "Mimi kwetu tunalima mihogo. Nifundisheni hivi vichuguu." Akaanza na jirani. Naye, kwa majivuno yake, akaeleza vizuri kuliko mwalimu wetu wa kilimo: kwamba nyasi hufukiwa mbichi wakati wa masika, na miezi miwili haipiti zinakuwa zimeoza, nyeusi tii. "Na hapa hukupanda maharage?" hakimu akauliza.

"Sikupanda, mheshimiwa. Niliuacha udongo upumzike."

Hakimu akaomba jembe. Akavua viatu, akapasua ntumba ya kwanza. Ndani nyasi zilikuwa za manjano, kavu, zinalia kama makuti ya kuezekea. Akapasua ya pili, ya tatu. Katikati ya majani hayo makavu ya kiangazi kulikuwa na madonge meusi ya nyasi zetu za masika, na mashina ya maharage yetu bado yana vinundu kwenye mizizi. Mzee mmoja wa baraza akaokota shina, akamwonyesha jirani. Jirani alitazama vidole vya miguu yake. Mimi nilitaka kupiga kigelegele, bibi akanibana mkono mpaka ukauma.

Lakini hakimu hakuwa amemaliza. Alikwenda mpaka kwenye kisiki cha mti wa mpaka, akaamuru kamba ivutwe toka pale mpaka kwenye jiwe la upande wa pili. Kamba ikaonyesha kwamba mistari mitatu ambayo bibi alikuwa akiilima miaka nenda rudi ilikuwa ya jirani.

Hukumu ilisomwa mahakamani wiki mbili baadaye, kwa Kiswahili ambacho hata mimi nilikielewa. Shamba ni la bibi. Mistari mitatu ni ya jirani. Kisha hakimu akamweleza jirani kwamba asiporidhika ana haki ya kukata rufaa, na muda wa kufanya hivyo. "Anamwonyesha njia!" nilinong'ona kwa hasira. Njia nzima ya kurudi nilimlaani hakimu kwa ajili ya ile mistari mitatu. Tulipovuka kijito, bibi akasimama. "Nyamaza wewe. Angenipa vyote, ningesema amenihurumia. Amenikata na mimi. Huyo naweza kumwamini." Kesho yake alikwenda mwenyewe kumwonyesha jirani ile mistari mitatu, na akamwamkia. Alikuwa hajamwamkia mtu miezi mitano.

Muda wa rufaa ulipita. Mwaka uliofuata, ulezi ukiwa ghalani, hakimu alipewa uhamisho. Alikuja kuaga kwa miguu, peke yake. Alipofika mlangoni alisema, "Bibi, kesi imekwisha. Nina njaa ya tangu siku ile." Bibi alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu babu azikwe. Alisonga ugali mkubwa, na hakimu akala mpaka akafungua khanga.

Bibi hayupo tena, jirani naye hayupo. Vijana wanalima mahindi kwa mbolea ya dukani, na ukiwaambia habari ya ntumba wanakuuliza kama una muda wa kupoteza. Hilo nalisamehe, maana dunia inakwenda. Nisichosamehe ni kwamba nimezunguka ofisi tatu mwaka huu na sijamkuta mtu mwenye njaa. Wote wameshiba kabla jalada halijafunguliwa, na hakuna hata mmoja aliyekiona kiwanja changu kwa macho.

Basi yule ofisa alipoona siketi, akanisukumia sahani. "Kula, dada. Au unaogopa tumekuwekea dawa?" Mwenye mawe akacheka, chupa ya chai mkononi.

"Siogopi," nikamwambia, nikalivuta jalada langu toka chini ya sahani na kulipangusa mafuta. "Nitakula kesi ikiisha. Na wewe ulipaswa kusubiri."