Mlio wa Kabatini kwa Mama Pindo

Mama Pindo alipata jina hilo kwa kazi yake ya kushona pindo za suruali. Alikuwa mtu wa kuangalia kila kitu mara mbili. Ukimwambia kumekucha, anafungua dirisha kwanza. Basi mkwewe, mume wa bintiye, alipojitolea kumsafishia mashine ya santuri aliyoachiwa na marehemu mumewe, alikubali kwa mdomo tu.

Mashine ikarudi inang'aa. Lakini kila alipopita karibu na kabati ilimowekwa, spika ilitoa mlio mwembamba, ngiii, kama glasi iliyogongwa kijiko. Akifunga mlango, ngiii. Akikohoa, ngiii.

"Kanibadilishia taa," alimwambia bintiye. Taa ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya mashine na kukuza sauti. Za zamani zinatafutwa kama dawa.

"Mama, mume wangu si mwizi."

"Sijasema mwizi. Nimesema taa."

Akamwita mkwe kwa upole uliopita kiasi, akamwekea chai, kisha akaketi na sindano yake, macho kwenye vidole vya kijana wa watu.

Mkwe aliwasha mashine, akageuza penseli na kugonga taa ya kwanza kwa upande wa kifutio. Spika ikalia kama kengele. Akagonga ya pili: kimya.

"Hii ya kwanza ni mgonjwa, mama. Vyuma vyake vya ndani vimelegea, vinatetemeka. Imegeuka maikrofoni, inasikia hata nyayo zako."

"Na uliitoa wapi?"

Mkwe alizima, akasubiri ipoe, akaichomoa na kumwekea kiganjani. Ubavuni ilikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha. Marehemu alikuwa akimwibia mkewe rangi hiyo ili kutia alama vitu vyake. Mama Pindo aliikwangua, akainusa. Ilikuwa yenyewe.

"Mbona haikulia kabla hujaigusa?"

Mkwe aliinua mashine, akachungulia chini yake. Kisha akasema, "Palikuwa na vipande vya mpira hapa. Niliona vichafu, nikavibandua."

"Vya ndala. Baba yenu alivikata mwenyewe."

"Kumbe ndivyo vilivyozuia mtetemo. Nisamehe, mama."

Mama Pindo alivua ndala yake ya kushoto, akachukua mkasi. Mkwe naye akazibadilisha taa nafasi: nzima ikakaa mbele, ambako sauti hukuzwa zaidi, mgonjwa akarudi nyuma. Santuri ikaimba. Mama Pindo akapita mguu mmoja peku, akikanyaga kwa nguvu makusudi. Hakuna mlio.

"Mama, ulidhani nimeiba?"

"Nilidhani."

Mkwe alicheka mpaka chai ikamwagika. Mama Pindo hakucheka. Alimfungia mkate ampelekee mkewe, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi kufunga kabati kwa ufunguo. Tangu hapo wameelewana vizuri, ila mkwe akitaka kugusa mashine, humsubiri kwanza avae miwani.